Barua za Mmarekani

Asubuhi ile baba alikuwa akianika barua. Kila mvua za vuli zikisha, alizitoa kashani, akazitandaza juu ya jamvi uani kwetu, Mjini Unguja, akazitilia vijiwe zisipeperuke. Aliyeziandika ni Mmarekani mmoja, mfanyabiashara aliyenunua karafuu na sandarusi kwa babu yake baba, zamani, nchi yao ilipokuwa bado changa. Baba alikuwa karani, Kiingereza akikijua. Aliipenda zaidi ile inayoeleza jinsi watu wa mji wa yule bwana walivyokutana ukumbini kuchagua viongozi, wakabishana mchana kutwa, wakanyoosha mikono, kisha wakenda zao kula.

"Unasikia, Zuwena?" akaniambia. "Hakuna aliyepigwa."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Siku ya tatu yake tukasikia bunduki: mapinduzi yameanza. Jirani akaja mbio: wanapekua nyumba, na atakayekutwa na karatasi za kigeni ataitwa jasusi.

"Zitie jikoni," mama akaniambia. "Upesi!"

Baba alisimama mlangoni. Nilizitia katika makaa moja moja. Karatasi ilikuwa nene, haikushika moto upesi.

Waliingia watu wanne.

Hawakuuliza karatasi. Hata jikoni hawakuchungulia.

Walimchukua baba.

Hakurudi, na kaburi lake hatulijui.

Sasa naishi Ibra, Omani, nina wajukuu. Mwezi uliopita Thuraya, anayesoma chuoni, kanionyesha kwenye simu: maktaba moja ya Marekani inazo barua ambazo babu yetu alimpelekea yule mfanyabiashara. Kila mstari unasomeka. Nilifurahi kidogo tu, kisha nikapandwa na hasira, na sijui namkasirikia nani. Wao zetu wamezitunza. Sisi zao tumezifanya majivu, na majivu yenyewe hayakumwokoa mtu.

Thuraya aliwaandikia. Wamejibu kwa adabu, wanaomba kuziona za upande wetu. Mara tatu sasa wameuliza, kama kwamba nazificha.

"Bibi, niwaambie zimepotea? Khalas, yaishe."

"Hazikupotea. Andika nilizichoma mimi, kwa mikono yangu."

Akaandika. Kisha akainua uso. "Wakiuliza kwa nini?"

Nilitaka kumtaja jirani, nilitaka kumtaja mama. Wote wamekwisha kufa.

"Waambie tulidhani zinatafutwa karatasi."