Fidèle na Njia Mbili za Bweyeye

Fidèle alifariki Jumanne. Akili yangu imegoma kukubali, vidole bado vinataka kumwandikia "rekebisha hapa kidogo".

Kwa wasiomjua: mwalimu wa hesabu kule Gashonga, mbishi, mwenye laptop aliyokuwa akiipiga kofi ikichelewa kuwaka.

Tulirudi wote nyumbani kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, tukiwa watoto. Mimi nikaja kuwa msimamizi wa programu moja ya bure mtandaoni, ile inayotafuta njia chache na fupi za kuunganisha vijiji vyote. Bila idhini yangu, hakuna code inayoingia.

Siku moja Fidèle akaiwekea programu hiyo ramani ya Bweyeye. Kati ya vilima viwili kuna barabara ya gari, na kuna njia ya miguu iliyo fupi zaidi. Programu yetu ilibakiza moja tu, ile iliyosomwa mwisho, nyingine ikaitupa. Fidèle alicheka mpaka akakaa chini. Alisema inaonekana sisi tulioiandika hatujawahi kutembea kwa miguu.

Akaandika marekebisho: sehemu mbili ziwe na njia hata tano kati yao, na iliyo fupi ndiyo ichaguliwe.

Nikamrudishia mara saba. Ongeza test. Badilisha jina hili. Eleza zaidi. Niliogopa wenzangu wa mbali waseme napenyeza mtu wa kwetu. Mgeni ningempitisha kwa review moja.

Kila mara alijibu "sawa, grand", yaani kaka mkubwa. Mara ya saba aliandika akiwa kwenye kitanda cha hospitali, figo zimekataa kazi, akaomba nimalize mapema kidogo. Nikamjibu "haraka haraka haina baraka". Naona aibu hata kuiandika.

Alikufa wiki hiyo hiyo. Jumatano nikabonyeza merge, code yake ikaingia. Sikugusa hata mstari mmoja.

Kwenye kilio mama yake alinikalisha karibu naye.

"Ile kazi yake, baliikubali? Alikuwa anaangalia telefone kila asubui."

Nikasema ndiyo, Maman, waliikubali.

"Alijua?"

Nikasema alijua. Akanishika mkono, akawaambia wanawake wote pale kwamba mimi ndiye niliyemsaidia mtoto wake. Akaniletea chai kwa mikono yake. Nikainywa.

Fidèle, hukujua. Code yako ilikuwa sawa tangu mara ya pili, na mimi niliona.

Lala salama, mon frère. Mimi silali.