Sakafu ya Mbao za Mashua

Nyumba yetu ya Kibiti ilinuka sifa, yale mafuta ya papa ambayo mafundi wa mashua huyapaka kwenye mbao zisiliwe na wadudu. Wageni waliziba pua wakifika mlangoni. Sisi wenyewe tulikuwa hatuisikii tena. Harufu ilitoka uani, kwenye kibanda cha makuti ambako baba alilaza mbao zake za mninga. Baba alizaliwa kwenye visiwa vya Delta ya Rufiji, kwa watu wa kuvua na kukata mikoko, na alikuwa fundi mashua kabla ya kuja bara kumfuata mama. Pale Kibiti aliwatengenezea watu milango na vitanda, lakini kila alipopata ubao mzuri kutoka vilimani aliuweka wa kwake, akaupaka sifa, akaulaza juu ya wenzake. Zikitosha angezisafirisha kwao, aunde mashua, nasi tuhamie huko. Jioni aliniketisha juu ya zile mbao akanisimulia jinsi maji yanavyopanda mpaka karibu na kizingiti cha bibi, na kaa wanavyotembea uani kama kuku. Nilikuwa sijafika kisiwani hata mara moja, lakini nilikuwa nikikiota.

Mama alikuwa mtu wa vilimani, Mmatumbi, na alikuwa akicheza ngoma. Kikundi chao kiliongozwa na Bi Tatu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye ndiye aliyepiga ngoma kubwa. Walikuwa na ukumbi mdogo nyuma ya soko, zamani ghala la mpunga, wenye jukwaa la zege mbele na mabenchi ya watazamaji. Jumamosi baada ya alasiri watu walikuja, wengine kutoka Bungu na Nyamwage. Kwanza mchezo wa kuigiza, kisha ngoma. Katika ile iliyopendwa zaidi, wachezaji walishuka kwa magoti wote kwa pamoja, wakatikisa mabega, wakainuka kabla vumbi halijatulia. Lakini zege lile lilikuwa limebanduka na kuota meno. Wakatandika majamvi, yakateleza. Wakamwaga mchanga, watazamaji wakakohoa hadi mwisho. Kila Jumamosi usiku mama aliloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akisema haiumi.

Walikuwa wamekubaliana kwamba masika ikiisha tunahama. Mama hakupinga. Ila mvua zilivyopungua ndivyo na maneno yake yalivyopungua, na baba, ambaye hakuwahi kukanyaga ule ukumbi kwa sababu aliuona ndio unaotuzuia, alijifanya haoni. Kisha siku moja kwenye mazoezi mama akashuka kwa magoti pamoja na wenzake, wenzake wakainuka, yeye akabaki chini. Walimleta nyumbani juu ya baiskeli, goti limevimba. Bi Tatu alikuja na kitambaa cha maji ya moto, akamkanda huku akinung'unika.

"Baba Zuhura, lile zege litamla miguu huyu. Bora apumzike kabisa."

"Si tunahama?" mama akadakia, akicheka. "Basi, ngoma imekwisha yenyewe." Akageukia ukutani, na kanga aliyojifunika ikawa inatikisika.

Baba alitoka akaenda uani. Chakula chake kilipoa.

Asubuhi nilikuta mkokoteni mlangoni, na baba anapakia mbao. Mama alichechemea hadi kizingitini, ameshika ukuta.

"Unazipeleka wapi?"

"Ukumbini."

"Hizo za mashua, Baba Zuhura."

"Najua ni za nini, Mama Zuhura. Nimezilaza mwenyewe."

Nilianza kulia. Nikamwuliza, na kwa bibi je? Akanifuta uso kwa kiganja chake kikavu. "Kwa bibi tutakwenda kutembea, mwanangu." Nilikuwa mdogo, lakini kutembea na kuhamia nilijua kuvitofautisha.

Kazi ile aliifanya kama anaunda chombo. Alilaza boriti za mikoko juu ya zege, akaacha nafasi katikati ili mbao zipate pa kubonyea. Alisema sakafu ya kuchezea lazima imrudishie mchezaji nguvu zake. Akapiga randa mpaka sifa yote ikatoka, akazamisha vichwa vya misumari, akakataa kupaka rangi wala nta watu wasije wakateleza. Ilipokamilika alilala kifudifudi, sikio kwenye mbao, akamwomba mama apite juu pekupeku.

"Hapa?" mama akauliza, akigonga kisigino taratibu.

"Sogea kidogo. Hapo pamekufa." Akaingiza kabari. "Rudia."

Mama alirudia. Wakaendelea hivyo, yeye akikanyaga, baba akisikiliza, bila kutazamana, mpaka sakafu nzima ikawa na sauti moja.

Goti lilipopona, baba alikwenda ukumbini akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa, akakaa benchi la mbele. Bi Tatu alipoipiga ngoma kubwa na wanawake wakashuka kwa magoti, mbao ziliitikia kwa mlio mzito uliopita chini ya mabenchi mpaka kifuani mwangu. Mama aliinuka kama aliyerushwa. Alikuwa anacheka, jasho linamtiririka, na alikuwa anamtazama mtu mmoja tu. Nikamgeukia baba. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, macho yamejaa maji.

Hatukuhama. Bibi alipofariki tulikwenda kuzika kwa chombo cha kukodi, na baba alikaa nyuma, kwenye tezi, akipapasa mbao za watu. Bi Tatu naye alitangulia, kikundi kikasambaratika, na mwenye jengo akaing'oa sakafu ile akaweka marumaru. Sasa ni ukumbi wa harusi, una spika ndefu kuliko watu, na wanaocheza huburuza viatu huku wameinua simu. Mama anatembelea mkongojo. Mimi naishi Bungu. Niliolewa na mtu mwema aliyenipa kila kitu nilichomwomba, tukaachana bila ugomvi, na watu hadi leo wananiuliza nilikosa nini.

Idi iliyopita, mama akiwa jikoni, nilimwuliza baba kama anaijutia ile mashua.

"Naitamani kila siku," akasema. Akasikiliza vyombo vinavyogongana jikoni. "Lakini siku ile ulimwona mama yako?"

Nilimwona, baba. Nilikuwa mtoto, nikadhani watu wote wakikua hutazamwa vile.