Jina la Elementi ya Mia na Tano

Mwalimu Riungu alifundisha kemia miaka thelathini na mmoja katika shule ndogo ya bweni karibu na Kaaga, na wanafunzi walimpenda kwa mizaha yake. Mmoja tu ndio uliomnyima raha uzeeni.

Ilikuwa mwaka 1998. Alikuwa akiwaeleza kidato cha pili habari za elementi nururifu zisizochimbwa popote, zile ambazo wataalamu huziunda kwa mashine nazo hutoweka upesi kama umande. Akagonga chati ukutani: namba mia na tano, hahnium.

"Siku hizi inaitwa dubnium, mwalimu," akasema Karwirwa, binti kutoka soko la Kianjai aliyetamani kuwa mfamasia. "Limetokana na jina la mji huko Urusi. Nililisoma gazetini."

"Gazeti gani?"

"Lile tulilofungiwa nyama, likizoni."

Darasa likacheka. Riungu naye utamu ukamkolea.

"Sikizeni! Hahn alikuwa mzee wa sayansi, elementi ikapewa jina lake, kama sisi tunavyowapa watoto majina ya babu zao. Nani humvua mtoto jina la babu yake akampa la soko? Basi kijana wangu nimwite Kianjai!"

Kuanzia siku hiyo wenzake walimwita Karwirwa Bucha. Wakati wa kuchagua masomo ya kidato cha tatu ulipofika, akaiacha kemia.

Mwaka 2000 vitabu vipya vililetwa. Riungu akafunua kurasa za mwisho, akaliona: dubnium. Alikaa na kitabu mapajani hadi chai ya saa nne ikapoa. Kisha akaibandua chati ukutani, akaikunja, asimwambie mtu.

Alipostaafu alifunga safari hadi Embu. Karwirwa, sasa karani wa ofisi, alikuwa akiishi mtaa wa Majimbo. Alimpokea kwa heshima, akammiminia uji. Mzee akaeleza yote.

"Wewe ulisema kweli, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosa."

"Asante, mwalimu," akasema Karwirwa. "Ulijua lini?"

"Vitabu vilipokuja. Elfu mbili."

"Elfu mbili nilikuwa kidato cha nne," akasema Karwirwa polepole. "Darasa letu lilipakana na maabara yako."

"Najua," akasema Riungu.