Kamba Mbili za Chumba Namba Tatu

Nichekeni, lakini nisikilizeni kwanza. Miaka ile watu wakivuka kutoka Uganda na nguo za mwilini tu, nilikuwa mhudumu wa nyumba ya wageni hapa Malaba, na kiburi changu chote kilikuwa pazia la chumba namba tatu. Lilikuwa na kamba mbili. Moja hushusha upande wa juu, mwanga ukaingia bila mtu wa nje kukuona. Nyingine hupandisha upande wa chini, ukaona nje, nawe ukaonekana. Hakuna mgeni aliyelala humo bila kusomeshwa na mimi.

Mwalimu mmoja alivuka, akajificha humo siku tatu gizani. Wanaume wawili wenye miwani nyeusi, waliomfuata kutoka ng'ambo, walikuwa wakimuulizia sokoni.

Siku ya nne akaniomba, "Dada, nipe mwanga kidogo nisome barua ya mke wangu. Nisionekane tu."

"Mwalimu, hapo umefika kwa fundi," nikajigamba.

Lakini wageni wangu wa kila siku walikuwa madereva wa malori, na kila asubuhi dereva hutaka pazia lipandishwe aone kama foleni imesonga. Mkono wangu ukashika kamba uliyoizoea. Nikavuta kwa maringo, macho kwake, nikingoja sifa.

Hakunisifu. Alisimama na barua yake, mwanga umemjaa mpaka usoni. Nikageuka. Nje, kwenye benchi la mama chai, mmoja wa wale wawili akaweka kikombe chini, akamwita mwalimu kwa jina lake kamili, polepole, kama anayesoma rejista ya darasa.