Penalti na Shikamoo

Saa kumi jioni, Jumapili moja ya enzi za mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, madereva wa trekta walipata penalti dhidi ya walimu wa Mbulu. Mpigaji alikuwa anahamia mbali kesho yake. Kaka yake, niliyekaa naye juu ya trela mbali na goli, alikuwa amebakiza picha moja kwenye filamu, ya kumwachia mama yao.

Alipoinua kamera, mzee mmoja akafika. Kaka akaishusha, akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo, mzee."

Uwanja ukalipuka: goli.

"Mzee, picha imenipita!"

"Kwani mfungaji yeye haamkii watu? Mwite."

Siku hizi goli moja tunalipiga picha mia, na salamu tunaitikia bila kugeuka. Siku ile mfungaji alikuja akihema, akainama kumwamkia mzee. Kaka yake akabonyeza. Mama yao aliitundika sebuleni.