Vyuo Sita vya Kaka, Kimoja cha Dada

Hebu niambie, msomaji: mapacha wakimaliza shule pamoja, kwa nini wa kiume aombe vyuo sita na wa kike kimoja?

Nilimuuliza hivyo mjomba wangu, dobi wa mtaa wetu. Binti yake alifaulu kuliko kaka yake na anataka ufamasia, lakini chuo cha karibu hakiufundishi.

"Aende hicho hicho cha karibu," mjomba alisema. "Akihama, nguo za wateja atapiga pasi nani? Wewe, bwana msomi?"

"Baba, niongezee kimoja tu."

"Usinipande kichwani, mama."

Kesho yake asubuhi nilimkuta binti akinyoosha shati la pacha wake la kupigia picha za maombi. Kaka akalivaa, akalalamika kwamba kola ina mkunjo. Binti akalichukua, akalirudia.