Mteremko Bila Fri

Mimi ni mtu wa kelele, na sioni haya kusema. Nimeendesha lori la majani chai kutoka vituo vya kupimia hadi kiwandani mpaka lori lenyewe likakata roho, na miaka hiyo yote injini ilikuwa inaniongelesha kwa sauti kubwa. Kwa hivyo magari ya mbio yalipoanza kunyamaza, nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Kila Jumapili baada ya kanisa huwa naketi katika hoteli moja pale Sotik, chai mbele yangu, natazama mbio kwenye televisheni. Zamani ungesikia ngurumo hata ukiwa kule jikoni. Siku hizi injini zimekuwa ndogo, zimefungiwa mota ya umeme ubavuni, na gari likipita linapiga mluzi tu. Nikasema mbele ya watu wote kwamba hizi si mbio tena, ni cherehani.

Binti yangu, kitinda mimba, ndiye aliyenijibu. Ni fundi wa magari, na mdomo ameurithi kwangu.

"Baba, hiyo cherehani inakimbia kuliko zile za zamani na inakunywa mafuta kidogo. Wewe unataka mbio au unataka radi?"

Watu wakacheka. Nikanywa chai yangu.

Sasa, lile lori langu limekaa kwenye ploti yetu kando ya barabara. Nyasi zimefika kwenye milango na kuku wa jirani wanataga chini ya kiti cha dereva. Binti alikuwa anaitaka ploti hiyo. Alitaka kufungua gereji ya magari ya haibridi, yale yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, kwa sababu walimu na manesi wa huku wameanza kuyanunua na gari likizima mwenyewe hana pa kulipeleka karibu. Nikamwambia lori langu halitoki. Akanijibu, kwa adabu lakini akiniangalia usoni, kwamba gereji moja ya Nakuru iko tayari kumchukua, na kama hapa hakuna nafasi ataenda. Mama yake akaweka sufuria chini, akaniangalia pia.

Hapo nikatoa neno ambalo mzee hafai kulitoa akiwa na hasira. "Tengeneza hiyo cherehani yako. Siku ya mbio ikipanda kilima cha Merigi ikanifikisha juu, ploti ni yako. Ikishindwa, funga sanduku uende Nakuru."

Mbio zenyewe ni zetu za nyumbani. Watu wa Bomet na Kericho huleta magari waliyoyaunga wenyewe, wanashuka barabara ya murram, isiyo na lami, hadi mtoni, wanapanda ng'ambo, wanazunguka tena. Safari hii waandaaji walikuwa wameleta sheria mpya: kila gari litatiwa mafuta ya kipimo kimoja, basi, ukikaukiwa ni shauri yako. Walisema hata magari makubwa ya mbio duniani yanabanwa hivyo.

Binti akapata haibridi iliyogongwa, akatoa injini, mota na betri, akavifunga kwenye bodi nyepesi ya gari kuukuu. Kazi hiyo aliifanyia katika zizi letu. Ng'ombe wakalala nje na mama watoto akanuna mwezi mzima.

Siku ya kulijaribu nikashika usukani. "Kwani dereva ni nani hapa?" nikamuuliza, naye akakaa kando yangu. Tukashuka vizuri. Lakini tulipoanza kupanda, mshale wa betri ukalala chini kabisa, ile mota ikakosa nguvu, na injini ikabaki peke yake ikihema kama mzee mwenye pumu. Boda boda iliyobeba mitungi ya maziwa ikatupita. Mama mmoja aliyekuwa anachuma chai akainua kichwa, akatuuliza kama tunataka kusukumwa. Tukarudia, ikawa vile vile. Nilikuwa nimeshinda, na nilitaka kufurahi, lakini nikimwangalia mtoto wangu amekunja mikono hivyo, moyo uliniuma.

Asubuhi tulipokuwa tunakunywa uji akaniuliza, "Baba, ukifika kwa mteremko unafanya nini na mkono wako wa kushoto?"

"Naweka fri. Kwani wewe unafanya nini?"

Akalaza kichwa mezani, akacheka mpaka machozi.

Mtu ambaye hajaendesha lori milima hii hawezi kuelewa. Mafuta tulikuwa tunapimiwa, na mteremko ni mafuta ya Mungu. Ukifika juu ya kilima unatoa gia, unaweka fri, gari linateremka bure. Hufundishwi, unaona wenzako, na mkono unajiendea wenyewe. Hata kwenye hili gari la binti, ambalo halina klachi na gia zake ni za kuchagua tu, mkono wangu ulikuwa umeitafuta fri na kuipata bila hata kuniuliza.

"Wazee mnasema maji yakimwagika hayazoleki," akaniambia. "Hili linazoa. Ukishuka likiwa kwenye gia, magurudumu yanaizungusha mota, mota inarudisha umeme kwenye betri. Ukikanyaga breki, ni hivyo hivyo. Ukiweka fri umekata kila kitu. Umeenda mtoni na mtungi umeuelekeza mdomo chini."

Sikukubali. Mtu hawezi kukubali jambo kama hilo mbele ya uji. Lakini alinirudisha kwenye kile kilima, akaendesha yeye, na tulipokuwa tunashuka nikaona kwa macho yangu mshale wa betri unapanda. Gari linashuka, mshale unapanda. Nikakumbuka mteremko wa Kedowa, lori limejaa, breki zinanuka moto, na nguvu zote hizo zinapotea hewani miaka na miaka. Niliona uchungu kidogo. Halafu nikamwambia arudie, nione tena.

Siku ya mbio aliendesha yeye, mimi nikawa wa kumsomea kona. Mkono wangu wa kushoto niliukalia. Mzunguko wa mwisho, tukishuka, magari mengine yakatupita yakibingirika kwa fri, vumbi juu yetu.

"Wanatupita," nikamwambia.

"Wacha wapite."

"Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma," nikanung'unika.

"Leo ngoma ni kupanda, Baba. Nisomee kona."

Tukavuka daraja. Akakanyaga mafuta, injini na mota zikashikana, na lile gari likapanda. Kando ya barabara tuliwakuta waliotupita, mmoja baada ya mwingine, wamekaukiwa, wamefungua boneti. Zile injini za ngurumo zilikuwa kimya kuliko yetu. Gari moja tu lilifika kabla yetu. Juu ya kilima mama watoto alisimama na kibuyu cha mursik, yale maziwa tunayowapokelea wakimbiaji wakirudi na ushindi. Akanipita mimi, akampa binti kwanza.

Hakuna aliyenikumbusha neno langu. Jumatatu nikaenda mwenyewe kuazima trekta la jirani. Tukafyeka nyasi, tukahamisha kuku, tukajaza upepo magurudumu yaliyokubali kujaa. Lori lilikuwa likienda nyumbani, nyuma ya zizi, na njia yote ni mteremko mdogo. Trekta likafungwa nyuma kulizuia lisituponyoke. Nikapanda kwenye kiti changu, nikashika usukani. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye gia, na gia bado imeingia tangu lilipokata roho. Nikauacha hapo, sikuweza kuusogeza.

Binti akaja dirishani, mikono imejaa grisi, akanisubiri. Hakunihimiza. Akayaona macho yangu, akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu.

"Baba," akasema polepole, "hapa sasa weka fri."